KUPIMA MSUKUMO WA JICHO

Na tumfikirie mzee wa Bondeni, Mombasa, aliyepimwa macho bure katika ua wa shule. Aliambiwa kwamba msukumo wa maji ndani ya jicho lake ni 24, akapewa dawa ya matone. Majuma mawili baadaye akapimwa hospitalini, akaambiwa ni 18. Alirudi nyumbani akisema, “Mmoja wao amenidanganya,” na chupa ya dawa akaiacha dirishani.

Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka bila kukoma. Njia ya kutokea ikizibika, msukumo hupanda na kuudhuru mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Aghalabu hauumi, hula uoni kidogo kidogo kuanzia pembeni, na uoni uliopotea haurudi. Hapo ndipo unapotofautiana na mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa kupasuliwa na mtu akaona tena. Huko Kongwa, Tanzania, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulikuta kwamba watu wanne hivi katika kila mia, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wana glakoma.

Msukumo huhesabiwa kwa milimita za zebaki, na kwa watu wengi huwa baina ya 10 na 21. Lakini daktari hupima kwa nje na kukisia yaliyo ndani. Zamani waganga walibonyeza jicho kwa vidole juu ya kope, kama mtu ajaribuvyo gurudumu la baiskeli. Kidole hutambua jicho lililo gumu kama jiwe. Tofauti ya 18 na 24 hakiijui.

Mwaka 1905 Hjalmar Schiøtz wa Norway alitoa chombo chenye kijiti cha uzito. Mgonjwa hulala chali, hutiwa dawa ya ganzi, na daktari hutazama kijiti kimezama kiasi gani. Ni chombo rahisi, wala hakihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba macho hayana ugumu mmoja: jicho la mtu asiyeona mbali mara nyingi hulegea, kijiti kikazama mno, na namba ikawa ndogo kuliko haki yake.

Katika miaka ya 1950 Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, alitengeneza chombo ambacho hata leo vingine hulinganishwa nacho. Hiki husawazisha sehemu ya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, yenye upana wa milimita 3.06, na nguvu iliyotumika huonyesha msukumo. Lakini Goldmann alikadiria kwamba unene wa konea ni nusu milimita hivi. Konea nyembamba husawazika upesi na namba hushuka. Iliyo nene hushindana, na namba hupanda. Jambo hili lawahusu sana Waafrika, kwani huko Marekani watu wenye asili ya Afrika wameonekana kuwa na konea nyembamba kwa wastani kuliko Wazungu.

Chombo cha kupuliza hewa hakigusi jicho kwa kitu kigumu wala hakitaki ganzi. Ila msukumo hupanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, kwa hiyo yafaa kupuliza mara tatu au nne na kutwaa wastani. Hata kola iliyobana shingo au pumzi iliyozuiwa hupandisha namba, na mara nyingi asubuhi huwa kubwa kuliko jioni.

Basi mwenye kupimwa na aombe kuandikiwa namba, chombo na saa. Wala asitosheke na namba peke yake, kwani wengi wenye glakoma hukutwa chini ya 21. Daktari hana budi kutazama mshipa wa fahamu nyuma ya jicho na kupima upana wa uoni.

Na yule mzee, Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali na Bondeni. Aende na chupa yake, aulize kama 18 ile ilitokana na chombo, au na konea, au na yale matone aliyokwisha kuyatia kwa majuma mawili.