Risasi Tatu Zinadanganya: Somo la Shabaha Kutoka Delta ya Rufiji

Kuna kidude cha chuma cha mviringo, kinaenea kwenye kiganja, ambacho hufungwa kwenye mdomo wa mtutu wa bunduki ya shabaha. Kina alama ndogondogo pembeni, na ukikizungusha kinasogea mbele au nyuma kwa sehemu ya milimita. Wapigaji wa mashindano wanakiita tyuna. Wanasema ukikipatia mahali pake, matundu kwenye karatasi yanajikusanya pamoja, mpaka risasi mbili zinapita tundu moja.

Nilikutana nacho mwaka wa tatu nikitafuta mada ya projekti ya mitetemo. Bunduki sina. Tena mimi ni mtu wa Kibiti, na tangu 2017 ukitaja bunduki na Kibiti kwenye sentensi moja watu wanageuza shingo. Kwa hiyo niseme mapema: hapa tunazungumzia karatasi yenye duara, mchezo wa Olimpiki, na hesabu. Ila Kibiti itaingia tu, maana somo kubwa kuliko yote ninayoyajua kuhusu kurekebisha shabaha lilitokea kwetu deltani, na hata asiyejua tyuna ni nini linamhusu.

Tuanze na kidude chenyewe. Chukua rula ya plastiki, ibane kwenye ukingo wa meza, ncha yake ikae nje, kisha ivute na kuiachia. Inatetemeka. Sasa bandika bigijii kwenye ncha, uvute tena. Inatetemeka polepole zaidi. Isogeze bigijii karibu na meza, rula inaharakisha. Hiyo ndo tyuna, imekwisha. Mtutu wa bunduki ni rula ya chuma: nyuma umebanwa, mbele uko huru. Baruti inapowaka, mtutu wote unatikisika, na mdomo wake unapanda na kushuka kidogo sana. Risasi inatoka ndani ya milisekunde chache, wakati mdomo bado unacheza. Kwa hiyo inaelekea pale mdomo ulipoelekea dakika hiyo, au niseme kipande hicho cha milisekunde, hata kama jicho lako halijaondoka kwenye duara.

Je, hilo lina uzito wowote? Tupige hesabu, hii haihitaji desa la mtu. Risasi ndogo ya .22, umbali mita 50, upinzani wa hewa tuuache kwanza. Risasi yenye kasi ya mita 330 kwa sekunde inafika baada ya sekunde 0.1515, na katika muda huo mvutano wa dunia unaishusha milimita 113 hivi. Mwenzake kutoka boksi lile lile, aliyetoka na mita 320 kwa sekunde, anatumia sekunde 0.1563 na anashuka milimita 120. Tofauti ni milimita 7. Duara la 10 kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Yaani umelenga vilevile, umeshika pumzi vilevile, na utofauti wa baruti peke yake umekula zaidi ya nusu ya duara.

Hapo ndipo utamu ulipo. Risasi ya polepole inachelewa kutoka. Ikitokea kwamba wakati huo mdomo wa mtutu bado unapanda, ile iliyochelewa inarushwa kwa pembe kubwa kidogo kuliko ile iliyowahi. Inaanza juu zaidi, inashuka zaidi, na mwisho zinakutana kwenye karatasi. Pembe inayotakiwa kufidia milimita 7 katika mita 50 ni kama 0.00014 ya radiani, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Kazi ya tyuna ni kuchelewesha au kuharakisha mtetemo mpaka risasi zitoke mtutu ukiwa kwenye kupanda. Jambo lenyewe si jipya. Mwingereza A. Mallock alichapisha utafiti wa mitetemo ya mitutu kwenye jarida la Royal Society mwaka 1901, na bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wengi wa KAR waliibeba, ilisifika kwa fidia ya namna hii kwenye masafa marefu bila kufungwa kidude chochote.

Mipaka yake ni ya kuijua. Fidia hii ni ya juu na chini tu. Upepo ukisukuma risasi kushoto, tyuna haina habari. Ukiiweka vizuri kwa mita 50, si lazima iwe sawa kwa 100. Na wapo wapigaji wazoefu wanaobisha kabisa kwamba sehemu kubwa ya maajabu ya tyuna ni bahati. Mimi kwenye ubishi huo nina upande, na upande wangu unatokana na swali moja: umejuaje kwamba kidude kimekaa mahali pake?

Wengi hufanya hivi. Wanaweka alama ya kwanza, wanapiga risasi tatu. Alama ya pili, tatu nyingine. Wanafika alama ya kumi, wanatandaza karatasi, wanaona alama ya sita ina matundu yaliyobanana kama familia kwenye chumba cha kupanga. Basi, sita ndo yenyewe, gundi inapakwa, kesho mashindano.

Chukua dadu tatu za ludo. Zirushe, toa ndogo kwenye kubwa, andika jibu. Hilo ndilo "kundi" lako la risasi tatu, na jibu ndio upana wake. Rudia mara kumi, ukijifanya kila mara umezungusha tyuna. Dadu ni zile zile, hakuna kilichobadilika isipokuwa mkono wako kuchoka. Katika michanganyiko 216 ya dadu tatu, 36 zina tofauti ya 0 au 1, yaani moja katika sita. Ukirusha mara kumi, uwezekano wa kupata angalau kundi moja zuri namna hiyo ni 1 kutoa tano-kwa-sita ikizidishwa yenyewe mara kumi. Inakuja kama asilimia 84. Kwa hiyo watu kumi wakifanya jaribio hili, nane hivi watarudi wanakuapia kwamba wameipata alama ya dhahabu kwenye dadu ambazo hazina alama yoyote ya dhahabu.

Risasi zenyewe ndo zaidi. Kama matundu yanatawanyika kwa ule mchoro wa kengele tuliofundishwa mwaka wa kwanza, upana wa kundi la risasi tatu unayumba kwa takriban asilimia 37 ya wastani wake, bunduki ikiwa ile ile na mpigaji yule yule. Ukipiga kumi, kuyumba kunashuka hadi kama asilimia 20. Bado ni kwingi! Na tyuna yenyewe, hata ikifanya kazi, haibadilishi kundi kwa kiasi kikubwa hivyo. Unatafuta mnong'ono kwenye kumbi ya harusi.

Sasa twende Rufiji, maana kule mtu hakuwa anapoteza medali, alikuwa anapoteza roho.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye mito ya delta yetu. Ukifika Nyamisati kupanda boti ya Mafia utaelewa ilichagua vizuri: mikoko kama ukuta, mifereji inayofanana, na kina cha maji kinachobadilika kila saa. Waingereza walikaa nje miezi mingi. Mwishowe wakaleta manowari mbili bapa, Severn na Mersey, zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil zitembee mto Amazon, kwa hiyo zilikuwa hazihitaji maji mengi. Kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6.

Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni na kuanza kupiga kwa umbali wa kama kilomita 10. Hakuna aliyemwona mwenzake. Katikati ni mikoko tupu. Macho ya Waingereza yalikuwa ndege zilizoruka kutoka Mafia, zikitazama kombora linaangukia wapi na kutuma ishara kwa redio: umezidisha, umepunguza, kulia, kushoto. Mpango mzuri. Lakini manowari zote mbili zilikuwa zinapiga kwa wakati mmoja. Aliye juu anaona maji yanaruka, tope linaruka, na hawezi kusema kwa hakika hili ni la Severn au la Mersey. Anatuma sahihisho, anayelipokea anasogeza mzinga wake kwa kosa la mwenzake. Makombora yanayotajwa siku hiyo ni 635. Yaliyoipata Königsberg ni ya kuhesabu kwa vidole, na Mersey ilipigwa, mabaharia wake wakafa. Jioni zikatoka nje.

Kwa Wajerumani nako kulikuwa na jicho. Mizinga ya Königsberg ilikuwa inapiga karibu sana siku hiyo, mpaka Severn ilipogundua watu waliojificha juu ya mti wakitazama makombora yanapoanguka. Mti ukapigwa. Baada ya hapo shabaha ya Königsberg ikaanza kupotea. Mizinga ile ile, wapigaji wale wale, baruti ile ile.

Tarehe 11 Julai wakarudi. Safari hii ilikuwa zamu kwa zamu: Severn ilipotia nanga na kuanza kutafuta masafa, Mersey ilinyamaza. Juu kulikuwa na rubani John Cull na mtazamaji H. J. Arnold. Kila kombora lililoanguka sasa lilikuwa na mwenyewe, na kila sahihisho lilifika kwa aliyekosea. Baada ya mipigo michache tu makombora yakaanza kuipata. Ndege yao ikapigwa, injini ikaharibika, nao wakaendelea kutuma masahihisho huku wanashuka, wakaangukia majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Siku hiyo hiyo Wajerumani waliilipua wenyewe meli yao. Mizinga yake kumi waliitoa kwenye maji na kuendelea kupigana nayo nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa.

Vitabu vingi vinasimulia siku ile kwa ushujaa wa Cull na Arnold, na wanastahili. Mimi naona shujaa wa pili ni yule aliyesema, "Apige mmoja mmoja." Kati ya tarehe 6 na tarehe 11 mizinga haikufungwa kidude kipya. Kilichobadilika zaidi ya vyote ni kwamba anayerekebisha aliweza kujua anachokiona kimetoka kwa nani.

Ndiyo maana nikipata mtu mwenye bunduki ya shabaha na tyuna, nitamwomba tufanye hivi. Alama tano tu, si ishirini. Risasi 20 kwa kila alama, boksi moja la risasi. Tusizipige kwa mfuatano, maana mtutu unapata moto na upepo wa saa tatu si wa saa tano; tuandike alama kwenye vikaratasi, tuchanganye kwenye kofia, tuokote. Anayepima matundu asijue karatasi ipi ni ya alama ipi. Apime kila tundu kutoka katikati ya kundi, asichukue mawili ya mbali tu, maana hayo mawili ndiyo yenye kelele kuliko yote. Na kwa kuwa fidia inafanya kazi juu na chini, tutenganishe vipimo vya wima na vya mlalo. Alama ikipunguza wima na kuacha mlalo vilevile, hapo nitaanza kuamini. Ikipunguza vyote kwa mkupuo, nitashuku kwamba upepo ulitulia.

Kinachonisumbua ni kwamba mambo haya hatuyafanyi hata kwenye vitu vinavyogusa sahani ya mtu. Mwaka jana nikiwa fildi kwetu, mzee mmoja mkulima wa mpunga huko deltani alinisimamisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. We si ndo msomi? Walikuja wenzako na mashine ya chumvi. Wakachovya mara tatu asubuhi moja, maji yamekupwa, wakaandika shamba halina tatizo. Sasa nakuuliza, bamvua wao walikuwa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia ana haki. Vipimo vitatu, asubuhi moja, siku za maji mafu. Kwenye bamvua bahari inapanda mto mpaka kwenye majaruba, na mbegu ya mzee haisomi ripoti. Walikuwa wamepiga risasi tatu na kupaka gundi.

Tumekaa watu wanne, wawili wa kilimo, mmoja wa takwimu, na mimi. Likizo hii tunapima maji ya mfereji wake kwa siku 30, ili tupate bamvua mbili na maji mafu mawili, maji yakijaa na yakikupwa, saa za kupima tukizipanga kwa vikaratasi vya kwenye kofia. Mashine tumeazima. Mzee ametupa banda la kulala, na sharti moja: kila jioni tumsomee namba zote, hata zile mbaya.