Kupaka Rangi Askari Wadogo wa Mezani

Nataka kuwaeleza kazi moja ndogo iliyonifundisha jambo kubwa, nayo ni kupaka rangi sanamu za askari wachezewao mezani.

Mchezo huu si mpya. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bandia, kiitwacho Little Wars. Siku hizi mchezo mmoja mashuhuri sana ni Warhammer, uliotolewa kwanza mwaka 1983 na kampuni ya Games Workshop, yenye makao yake Nottingham, Uingereza. Sanamu ya mtu huwa na kimo cha milimita 30 hivi. Huuzwa bila rangi, na mwenyewe huiunga na kuipaka. Hapo ndipo wengi hushindwa: hununua askari wengi, kisha huwaacha sandukuni.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Wakati wa likizo nilijaribu peke yangu. Askari mmoja alinichukua siku nne, na uso wake ukawa kama umemwagiwa uji. Nikakata tamaa kabisa. Muhula ulipoanza, mwalimu wetu wa sanaa alifungua darasa la Jumamosi, akampa kila mmoja wetu askari 10. Kwa Jumamosi tatu tuliwamaliza wote. Na hii ndiyo njia aliyotufundisha.

Kwanza, osha sanamu kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha kwangua mishono kwa kisu.

Pili, paka rangi ya chini ili rangi nyingine zishike. Tulipuliza nyeusi pande zote, halafu nyeupe kutoka juu tu. Basi sanamu yenyewe ikatuonyesha mahali pa mwanga na mahali pa kivuli.

Tatu, paka rangi kuu za nguo, ngozi na silaha. Changanya rangi na maji kidogo mpaka iwe kama maziwa. Mikono miwili myepesi hushinda mmoja mzito, kwa maana rangi nzito huziba macho na mikunjo ya nguo.

Nne, paka rangi ya majimaji iliyo nyeusi zaidi. Hiyo huteremka yenyewe mashimoni na kufanya vivuli.

Tano, chovya brashi kavu katika rangi nyeupe-nyeupe, uifute kwa kitambaa mpaka ibaki rangi kidogo sana, kisha uipitishe juu ya sehemu zilizoinuka.

Uso na macho huja mwisho, kwa brashi yenye ncha kali.

Je, wepesi ulitoka wapi? Haukutoka katika kukimbiza mkono, bali katika utaratibu. Tulipaka rangi moja kwa askari wote 10 kabla ya kushika rangi nyingine. Ulipofika kwa wa kumi, wa kwanza alikuwa amekwisha kauka. Hukukaa bure ukimngoja. Tena mwalimu alituamuru tuwatazame askari wetu kwa umbali wa mkono ulionyoshwa, kwa kuwa ndivyo mchezaji awaonavyo. Kosa lisiloonekana kwa umbali huo, tuliliacha. Mimi nilikuwa nimepoteza siku nzima kwa vifungo vya koti!

Huenda mtu akauliza, hayo yote si yamo vitabuni? Yamo, nami niliyasoma. Lakini kitabu hakikuuona mkono wangu. Mwalimu alinitazama kwa dakika mbili tu, akaniambia makosa mawili: nilichovya brashi mpaka kwenye chuma chake, nikaharibu ncha, na mikono yangu ilining'inia hewani, ndiyo maana ikatetemeka. Akaniweka viwiko mezani na kuviegemeza viganja vyangu pamoja. Siku hiyo hiyo nilipaka macho ya kwanza yaliyonyoka. Wahenga walisema, nyani haoni kundule.

Yule askari wangu wa likizo sikumtupa. Yuko rafuni, pembeni mwa wale 10, ili wadogo zangu wa kidato cha kwanza wamwone na wasikate tamaa. Darasa litaendelea Jumamosi. Njoni, kila mtu na kitambaa chake kikuukuu.