SOMO LA ROBO HII: SIMU KWENYE MEZA YA CHANJO

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, na ninyi wafadhili mnaosoma jarida hili, somo la safari hii limetokana na maombi yanayoletwa ofisini kwetu. Sharika kadhaa zinauliza kama fedha za mradi wa afya zinaweza kununua vishikwambi na kutengeneza programu ya kuandikisha watoto siku za kampeni ya chanjo. Wafadhili nao wanavutiwa, na tunawaelewa: kishikwambi kinapendeza pichani kuliko sanduku la barafu. Tusiyakatae maombi haya, wala tusiyapokee kwa pupa. Kwanza tuiangalie meza yenyewe.

Chukueni Zirai au Misalai siku ya kampeni ya surua na rubella. Darasa moja la shule ya msingi limetolewa. Akina mama wamepanda vilima na watoto mgongoni, na wengine wameacha kuchuma chai, hivyo ujira wa siku hiyo umepungua. Mezani kuna kichupa cha dozi 10. Unga wa chanjo ukishachanganywa na maji yake, dozi zisizotumika hutupwa baada ya muda wa saa 6, au mapema zaidi kazi ya siku ikiisha. Kwa hiyo kila kichupa kinachofunguliwa kinaanza kuhesabu muda.

Sasa tupige hesabu. Tuseme watoto ni 200 na muda wa kazi ni saa 6, yaani dakika 360. Kila mtoto ana chini ya dakika 2, tangu mama anapofika mezani hadi anapoondoka. Tuseme programu inataka jina la mtoto, jina la mama, kijiji, kitongoji, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, na kujaza yote hayo kunachukua dakika 3. Meza hiyo itahudumia watoto 120. Watoto 80 watarudishwa nyumbani, na si wote watakaoletwa tena kesho. Surua ni ugonjwa ambao mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na ndiyo maana lengo la chanjo yake huwekwa kwenye asilimia 95. Programu iliyotengenezwa kwa nia njema inaweza kutuondoa kwenye lengo hilo kwa dakika moja tu ya ziada kwa kila mtoto.

Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza fundi si bei. Ni hili: jina la mtoto linahitajika kwa kazi gani?

Katika chanjo za kila mwezi kliniki, jina linahitajika sana. Muuguzi anatafuta nani amefikia dozi ya pili na nani hajarudi. Kwa kazi hiyo mkoa wetu wa Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, baada ya Arusha, kupokea rejesta ya kielektroniki ya chanjo iitwayo TImR, iliyoandaliwa chini ya Wizara ya Afya kwa msaada wa shirika la PATH. Ilibuniwa ifanye kazi hata pasipo mtandao na kutuma taarifa mtandao ukipatikana. Tatizo lililojitokeza katika vituo vingi ni kwamba daftari halikuondoka. Muuguzi alijaza karatasi, kisha akajaza yale yale kwenye kishikwambi. Tunaliona hili kuwa fundisho kubwa kuliko yote: kifaa kisichoondoa kazi yoyote kinaongeza kazi, na anayeibeba ni yule yule muuguzi mmoja wa zahanati.

UVIKO-19 nao ulihitaji jina. Chanjo ilipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, watu waliweza kujiandikisha mtandaoni, na waliochanjwa walipewa cheti cha kuonyesha safarini. Lakini kujiandikisha mtandaoni peke yake hakukujaza vituo. Mwezi Septemba mwaka huo Serikali ilianza Mpango Shirikishi na Harakishi, chanjo ikawafuata watu walipo.

Kampeni ya surua ni kazi ya namna nyingine. Ile ya Februari 2024 iliwalenga watoto wa miezi 9 hadi 59, na kila mtoto wa umri huo alitakiwa kuchanjwa hata kama alishapata dozi zake kliniki. Hakuna wa kutafutwa kwenye rejesta. Mchanjaji anapiga alama kwenye karatasi ya kuhesabia, basi. Kinachokosekana ni habari kutoka Zirai kufika Muheza mapema: watoto wangapi wamechanjwa, vichupa vimebaki vingapi, kuna aliyepata maudhi makubwa? Karatasi ikifika jioni, kituo kilichoishiwa chanjo saa 5 asubuhi kimeshapoteza siku.

Kwa kazi ya namna hiyo nchi yetu ina mfano mzuri. Kuanzia mwaka 2009 wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini zilijaribu mpango ulioitwa SMS for Life. Kila wiki vituo 129 viliulizwa kwa ujumbe mfupi vina dawa ngapi za malaria, na wahudumu wakajibu kwa tarakimu kwenye simu zao za kawaida. Katika wiki 21, vituo vilivyokosa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Hakuna kishikwambi kilichonunuliwa.

Wazee wa Amani wana mfano wa karibu zaidi. Wakati wa kugawa dawa ya usubi, mgawa dawa aliyechaguliwa na kijiji alikuja na fimbo yenye alama. Unasimama, fimbo inasema vidonge vingapi kwa urefu wako. Hakuna mizani wala kugawanya kilo. Tungependa kila fundi wa programu aione fimbo ile kabla hajafungua kompyuta yake.

Kwa hiyo tunapendekeza simu moja kwa kituo, mikononi mwa msimamizi, mbali na mchanjaji. Kila saa aingize namba nne: waliochanjwa, vichupa vilivyofunguliwa, vichupa vilivyobaki, na waliopata maudhi makubwa. Maneno yawe ya Kiswahili na tarakimu kubwa. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu mwingi, kwa hiyo msitegemee sola peke yake. Bajeti iwe na betri ya akiba. Mtandao hushika mgongoni mwa kilima na kupotea bondeni, basi simu itunze namba na ionyeshe wazi kama zimetumwa au bado. Karatasi ya kuhesabia ibaki.

Jina liandikwe kwa mtoto mmoja tu, yule ambaye hajawahi kupata chanjo yoyote. Huyo zahanati inatakiwa imfuate baada ya kampeni. Jina la mama na kitongoji hutosha kumpata. Namba ya simu mara nyingi ni ya baba aliye mbali, na tarehe ya kuzaliwa huenda ikawa ni "wakati wa mahindi". Kumbukeni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya ni nyeti kisheria. Orodha ya watoto isikae kwenye simu ya mwinjilisti wala kwenye kompyuta ya usharika; iende kwenye mfumo wa Serikali. Hivyo mratibu wa chanjo wa wilaya aonwe kabla ya bajeti kuandikwa.

Kabla ya malipo ya mwisho, fanyeni jaribio. Kusanyeni akina mama 20 na watoto wao, msimamizi halisi na simu halisi, na mjumbe mmoja ashike saa.

Maswali ya kujadili katika kikao:
Katika mtaa wenu, ni kitongoji gani ambacho watoto wake hukosa kampeni, na ni nini huwazuia?
Programu mnayoiomba itaondoa karatasi ipi?
Nani atalipia vocha mwaka wa pili, mfadhili akishamaliza?