USIZIBE MTARO WA BARABARA
Elimu kwa wakazi wa Tabaka

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, malalamiko ni yale yale: barabara imekatika, bodaboda hazipandi, lori la mawe limekwama. Tumekwenda kuangalia. Mara nyingi kosa si la greda. Ni mtaro uliozibwa na mwenye boma mbele ya geti lake.

Tuelewane. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na Tabaka ni vilima. Maji yakikuta mtaro umejazwa udongo ili gari liingie nyumbani, hupanda barabarani, yakafuata alama za magurudumu na kuchimba korongo. Kisha hushukia shamba la jirani wa chini na kuondoka na udongo wake wa juu, ule wenye rutuba.

Jambo tunaloliogopa zaidi ni masalia ya mawe ya sabuni. Machimbo na uchongaji vinalisha familia nyingi hapa. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Lakini vumbi lile likilowa huwa tope zito linaloganda ndani ya kalvati, na vipande vikubwa hufunga mdomo wake. Usimwage masalia mtaroni. Tunarudia: usimwage, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua ya kwanza ndiyo itakayoyasomba hadi kwenye kalvati.

Unataka kiingilio? Laza kalvati yenye kipenyo kisichopungua milimita 600. Bomba jembamba la plastiki huziba upesi, na koleo haliingii kulizibua. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 inataka idhini ya maandishi kabla ya kujenga chochote katika hifadhi ya barabara. Habari za fomu na gharama utapewa katika ofisi inayotoa idhini hiyo.

Penye mteremko mkali, mtaro wenyewe huchimbika. Panga vizuizi vya mawe ndani yake. Mteremko ukifika asilimia 10, weka kimoja kila mita 5 hivi. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo. Ukikijenga kama ukuta, maji yatakizunguka na kula kingo. Chini yake tandaza mawe, maji yanapoangukia. Nyasi za ukingoni ziache. Na wewe ambaye mchepuo wa mtaro unaingia shambani kwako, usiufunge: ukiufunga, maji yote yanabaki barabarani.

Mgongo wa barabara tumeuinua ili maji yashuke pande zote mbili, na kazi hiyo tunajivunia. Bila mtaro ulio wazi, hautamaliza msimu mmoja.

Kwa hiyo chukua jembe, uzibue mtaro ulio mbele ya geti lako kabla ya Machi. Jirani akiuziba wake, mwambie. Akikaidi, mjulishe chifu.