SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUTENGENEZA UPYA BOTI YA ALUMINI ILIYOCHAKAA

Madhumuni ya somo hili ni kuwaonyesha makatibu na wanachama namna ya kuipima boti kuukuu ya alumini kabla ya kuinunua, na namna ya kuitengeneza nyumbani hata iweze tena kuchukua watu na nyavu kwa usalama. Mambo mawili yamo hatarini: maisha ya wavuvi watakaoipanda, na fedha za wanachama zitakazotumika.

Uchukuliwe mfano wa chama chenye wanachama huko Lupepo, katika Wilaya ya Rungwe. Lupepo ni nchi ya vilima, migomba, chai na ng'ombe wa maziwa, haina bandari. Lakini barabara itokayo Tukuyu huteremka hadi Kyela, na kutoka Kyela watu hufika Itungi na Matema kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Wakulima wengi wa milimani wana jamaa wanaovua usipa na mbasa huko chini. Si ajabu basi chama kikapewa nafasi ya kununua boti kuukuu, kikaipandisha kwa lori, na kuiweka uani kwa mwanachama ili itengenezwe polepole.

Ziwa Nyasa halina mzaha. Kina chake hufika takriban mita 700, na upepo wa mwera huinua mawimbi makubwa kwa ghafla. Boti inayovuja kidogo ikiwa ufukoni huvuja sana inapopigwa na mawimbi hali imebeba mzigo.

1. Tabia ya alumini

Wavuvi wengi wa Ziwa Nyasa wamezoea mitumbwi ya gogo na boti za mbao. Alumini ina tabia nyingine. Ni nyepesi, kwani kwa ujazo ule ule uzito wake ni kama thuluthi moja ya uzito wa chuma. Haishiki kutu nyekundu. Ikipata hewa hujivika ngozi nyembamba sana, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Katika maji baridi ya ziwa boti ya alumini iliyotunzwa huweza kudumu miaka mingi.

Mfano ulio karibu ni sufuria. Sufuria ya alumini hudumu kwa maji na ugali, lakini ikichemshiwa magadi hugeuka nyeusi na kuliwa. Sababu ni kwamba magadi huivua ile ngozi. Majivu yenye maji, sabuni kali ya magadi makali na saruji mbichi hufanya vivyo hivyo.

Adui wa pili ni metali nyingine. Shaba, shaba nyeupe, risasi au chuma cha kawaida kikigusana na alumini mahali penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Alama yake ni unga mweupe na vishimo vidogo vidogo. Kwa hiyo sahani za boti ya alumini hazichakai kwa miaka peke yake. Mara nyingi huharibiwa na jirani mbaya. Anayeikagua atazame kwanza pale ambapo alumini inakutana na kitu kingine: kwenye ribiti, kwenye mbao, kwenye skrubu, na pale mashine inapofungwa.

2. Kuipima kabla ya kulipa

Halmashauri isinunue boti kwa kuiona rangi yake. Wateuliwe watu wawili au watatu, mmoja wao awe fundi, na waandike wanayoyaona. Wakague mambo haya:

(a) Mkuku na mataruma. Je, mkuku umenyooka? Je, kuna taruma lililovunjika? Mkuku uliopinda ni sababu ya kutosha ya kuiacha boti.

(b) Sahani za chini. Zigongwe polepole kwa mpini wa nyundo. Penye unga mweupe pakwanguliwe kwa kijiti kigumu. Ikiwa kijiti kinapenya, hapo pana tundu.

(c) Ubao wa tezini unaobeba mashine. Uchomwe kwa ncha ya kisu. Mbao iliyooza hulainika ndani huku nje ikionekana nzima.

(d) Viraka vya zamani. Kiraka cha bati la chuma au cha shaba ni dalili mbaya, na alumini iliyo chini yake huenda imekwisha.

(e) Maboya yaliyo chini ya viti. Foma ikinywa maji huongeza uzito, wala haiokoi mtu tena. Foma nzuri husaidia kuelea kwa karibu kilo moja kwa kila lita yake.

3. Kuiweka na kuijaribu kwa maji

Boti iwekwe mahali penye kivuli na tambarare. Magogo ya migomba yanafaa kuizungushia na kuilalia kwa siku za kwanza, kwa sababu ni laini wala hayakwaruzi. Lakini huoza upesi, na kwa kazi ya wiki nyingi ni lazima pawe na vigogo vya miti vilivyofunikwa magunia.

Njia rahisi ya kuona panapovuja ni kuijaza maji kidogo kwa ndani na kutazama kwa nje. Kila tone litokapo patiwe alama ya chaki. Lakini uzito wa maji usisahauliwe. Boti yenye sakafu ya urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2, ikitiwa maji ya kina cha sentimita 10, huwa na maji ya lita 480, yaani kilo 480. Huo ni karibu na uzito wa magunia matano ya kilo mia. Kwa hiyo vigogo vikae chini ya mkuku na chini ya mataruma, wala mtu asilale chini ya boti kutazama. Boti yenye maji isiinuliwe kamwe. Kwanza maji yatolewe yote.

4. Kusafisha

Boti ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida. Brashi ya waya wa chuma isitumike, kwa maana huacha vipande vya chuma ndani ya alumini. Itumike brashi ya nailoni au ya chuma kisichoshika kutu.

Rangi ya zamani yahitaji hadhari. Rangi nyingi za kale zilikuwa na risasi. Isipigwe msasa mkavu, maana vumbi lake ni sumu. Ipigwe msasa wa maji huku aliye kazini amefunika pua na mdomo. Mabaki yakusanywe juu ya turubai. Katika Rungwe, ambako ng'ombe wengi hufungwa bandani karibu na nyumba, jambo hili ni kubwa: ng'ombe hulamba, na risasi huua ng'ombe. Kazi hiyo isifanywe karibu na banda, na majani ya malisho yasiwekwe mahali hapo. Watoto nao wakae mbali.

5. Ribiti na nyufa

Ribiti iliyolegea, ikiwa bado nzima, hukazwa na watu wawili. Mmoja hushika chuma kizito na kukibana juu ya kichwa cha ribiti kwa nje. Wa pili hugonga mkia wake kwa ndani. Mapigo yawe mengi na mepesi. Pigo moja kubwa hupanua tundu na kupinda sahani.

Ribiti isiyokaza huondolewa. Kichwa chake hukatwa kwa keekee, mwili husukumwa nje, na tundu lililopanuka huongezwa kidogo ili lipokee ribiti nene zaidi. Ribiti mpya iwe ya alumini, wala isiwe ile yenye tundu katikati, kwa sababu maji hupita humo. Kabla ya kuipiga ipakwe gundi laini ya kuzuia maji.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kwenye boti huo ukuta haujengeki. Ufa wa alumini hutembea kila boti inapotikiswa. Mwisho wa ufa utobolewe tundu dogo la milimita 3 hadi 5, ili nguvu isikusanyike kwenye ncha moja. Kisha kiwekwe kiraka cha alumini ya unene ule ule, kizidi ufa kwa sentimita 5 kila upande, na pembe zake ziviringwe. Kati ya kiraka na sahani ipakwe gundi ya kuzuia maji, kisha zipigwe ribiti kuzunguka pande zote.

Wengi hukimbilia kuchomelea. Fundi wa mageti ya chuma huenda ni hodari katika kazi yake, lakini alumini yataka mtambo wake na gesi ya argoni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za sentigredi, na ile ngozi yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Tena haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo asiyeizoea hustukia tundu. Tena moto usiletwe karibu na foma wala petroli. Penye shaka, ribiti ni salama zaidi.

6. Ubao wa tezini

Ubao uliooza usizibwe kwa rangi, ubadilishwe wote. Ule wa zamani utumike kuwa kipimo. Mninga mkavu unafaa, kwa kuwa haupindi sana wala hauozi upesi. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani kama zile za nguzo zisitumike, kwani dawa hiyo mara nyingi ina shaba, nayo huila alumini pole pole kila mbao inapolowa. Mninga upakwe rangi pande zote, hasa kwenye ncha, kabla ya kufungwa. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, nazo zipakwe gundi ili zisigusane na alumini kavu kwa kavu.

7. Rangi

Rangi si lazima kwa alumini nzima, lakini hulinda pale palipoliwa. Kazi ifanywe katika majira ya ukame, maana Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na rangi juu ya unyevu hubanduka. Mafuta yaondolewe, msasa upigwe, na rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini ipakwe siku ile ile kabla ngozi mpya haijakua nene. Rangi ya risasi na rangi yenye shaba isipakwe hata kidogo.

8. Jaribio la mwisho

Boti itakapofikishwa ziwani isipelekwe moja kwa moja kuvua. Ifungwe kamba, ielee karibu na ufuko saa kadhaa ikiwa tupu, kisha ikiwa na mawe yenye uzito wa wavuvi na nyavu. Maji yaliyoingia yapimwe kwa ndoo. Safari ya kwanza iwe siku ya utulivu, na kila abiria awe na jaketi la kuokolea maisha, makasia na chombo cha kutekea maji. Baada ya hapo maji ya ngama yatolewe kila siku, na risasi za nyavu, ndoana na betri za tochi zisiachwe zimelala ndani yake.

9. Hesabu na umiliki

Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia: boti shilingi 800,000, lori 150,000, mbao na boliti 120,000, ribiti na gundi 90,000, rangi 140,000, fundi 200,000. Jumla ni 1,500,000. Ikiongezwa akiba ya dharura, sehemu moja kwa kumi ya gharama zisizo bei ya boti, yaani 70,000, jumla hufika 1,570,000. Mkutano ulioidhinisha 800,000 haujaidhinisha 1,570,000. Makadirio yote yasomwe mbele ya wanachama kabla ya malipo ya kwanza.

Kila kilichonunuliwa kiwe na stakabadhi na vocha. Kazi ya kujitolea nayo iandikwe, siku na jina. Na kwa kuwa boti imelazwa uani kwa mwanachama, iandikwe hati ya makabidhiano yenye sahihi zake na za viongozi, ikieleza kwamba boti ni mali ya chama, imewekwa hapo kwa matengenezo, na imo katika daftari la mali. Ukimya wa miezi sita uani kwa mtu huzaa madai. Hati ya ukurasa mmoja huokoa urafiki wa miaka mingi.

Kabla ya kuvua, katibu amwone afisa uvuvi wa wilaya kuhusu usajili wa chombo na leseni, kama itakiwavyo na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kiraka cha shaba ni kibaya zaidi kuliko kutoweka kiraka?
2. Boti yenye sakafu ya mita 5 kwa mita 1.2 ikitiwa maji ya sentimita 10, uzito wa maji ni kilo ngapi?
3. Wakaguzi wakikuta mkuku umepinda, lakini muuzaji anapunguza bei kwa nusu, halmashauri ifanye nini?
4. Andikeni hati ya makabidhiano ya mali yoyote ya chama chenu iliyoko nyumbani kwa mwanachama.