Somo kwa Vyama: Kupima Kanieneo na Mtiririko wa Gesi

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kusini mwa Mafia, mwaka 1974. Tangu mwaka 2004 husafirishwa kwa bomba la inchi 12 chini ya bahari hadi Somanga, kisha kwa bomba la inchi 16 hadi Dar es Salaam. Bomba hilo halifiki Mafia. Gesi ya kupikia ya kisiwani huja kwa mitungi, tena kwa vyombo vya baharini. Hata hivyo, kanuni za upimaji ni zilezile, na chama kisichozielewa huweza kulipia gesi kisichoipata.

Kanieneo ni nguvu ambayo gesi husukumia kila sehemu ya ukuta wa chombo chake. Kipimo chake, ambacho mafundi hukiita geji, hutumia ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849: kijibomba bapa kilichopindwa mfano wa mundu. Gesi ikiingia, kijibomba hujaribu kujinyoosha, na ncha yake huuzungusha mshale. Geji ya kawaida husoma sifuri hewani, ingawa hewa yenyewe hutusukuma kwa kadiri ya ba 1. Kwa hiyo geji ikionyesha ba 9, gesi iliyomo ina kanieneo kamili ya ba 10.

Kanieneo, lakini, si kiasi. Bomba lililofungwa mwishoni laweza kuwa na kanieneo kubwa bila gesi yoyote kupita. Ili kujua mtiririko, njia iliyozoeleka tangu zamani ni kuweka ndani ya bomba bamba lenye tundu. Gesi hubanwa ipitapo tunduni, na kanieneo hushuka upande wa pili; tofauti ya pande hizo mbili ndiyo hupimwa. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu: tofauti ikiongezeka mara nne, gesi ipitayo huongezeka mara mbili tu.

Tena mita moja ya ujazo katika ba 10 ina gesi karibu mara kumi ya ile iliyo katika ba 1. Ndiyo sababu mpimaji husoma pia kanieneo na joto la bomba, kisha hugeuza hesabu yote iwe ya hali moja iliyokubaliwa. Mkulima wa minazi hatashangaa: mbata mbichi na mbata kavu hazilipiwi sawa hata zikijaza gunia lilelile.

Turudi kwenye mtungi. Gesi iliyomo imegandamizwa ikawa majimaji. Maadamu majimaji yamebaki na joto halikubadilika, geji itaonyesha kanieneo karibu ileile, mtungi uwe umejaa au umebakiza robo. Katibu anayepokea mitungi kwa kutazama geji hajapima kitu. Mzani ndio husema kweli. Uzito wa mtungi mtupu huchapwa juu yake. Mathalani ukiwa kilo 14, mtungi wa kilo 15 za gesi sharti uwe na kilo 29. Ukipatikana na kilo 27, chama kimepungukiwa kilo 2, na upungufu huo uandikwe katika hati ya mapokezi kabla mwenye mali hajaondoka bandarini Kilindoni.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo vya mpira na regulata, kamwe si kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Ghala la mitungi liwe na matundu ya hewa chini ya ukuta.