Hamu ya Mume Inapopungua: Je, Ni Dharau au Ni Ugonjwa?



Jioni moja baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja alibaki nyuma akijifanya anapanga viti. Watu walipokwisha kutoka aliniambia, "Mwalimu, mume wangu ana mwanamke mwingine." Nilimwuliza amejuaje. Hakuwa na jina wala ushahidi. Alichojua ni kwamba kwa mwaka mzima mumewe alikuwa akilala akimpa mgongo. Walikuwa na mtoto mmoja, na walitamani sana kupata wa pili.

Kwa ruhusa ya mama huyo nilizungumza na mumewe. Hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa na aibu. Hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imemwisha, kila siku aliamka amechoka, na alikuwa ametumia pesa nyingi kwa wachuuzi wa mizizi na unga sokoni. Sasa alikuwa akiweka akiba ili akadungwe "sindano ya nguvu" katika duka moja la dawa. Wote wawili wamenikubalia nisimulie habari yao bila kuwataja, ili wengine wapate kujifunza.

Mimi ni katekista, si daktari. Lakini jambo hili huvunja nyumba nyingi kimyakimya, na ni vyema tulielewe.

HOMONI YA KIUME NI NINI?

Wafugaji wanajua tofauti ya fahali na maksai. Fahali akihasiwa angali mdogo hukua mpole, shingo yake haijai, wala hana haja na majike. Mwaka 1849 mtaalamu wa Ujerumani, Arnold Berthold, aliwahasi majogoo wachanga. Wale walioachwa hivyo hawakuota kilemba kikubwa chekundu, hawakuwika wala kupigana kama majogoo. Lakini wale aliowarudishia korodani ndani ya tumbo walikua majogoo kamili. Akafahamu kwamba korodani humimina kitu fulani katika damu. Mwaka 1935 wataalamu walikipata kitu hicho kikiwa safi kutoka korodani za fahali, wakakiita testosteroni.

Korodani hazijiamulii zenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayozitumia amri kwa njia ya damu. Testosteroni ikipungua, amri huongezeka. Ikitosha, amri hupungua. Ni kama mama wa nyumbani: akiona pipa limejaa, hawatumi watoto mtoni. Tafadhali ukumbuke mfano huu, tutaurudia.

"NGUVU ZA KIUME" NI MAMBO MATATU

Sisi husema "nguvu za kiume" tukichanganya mambo matatu: hamu ya tendo la ndoa, uwezo wa mwili kulitimiza, na uwezo wa kuzaa. Ni vizuri kuyatenganisha. Upungufu wa testosteroni hugusa zaidi hamu. Mume mwenye hamu ambaye mwili wake haumtii mara nyingi ana testosteroni ya kutosha. Tatizo huenda liko katika mishipa ya damu, kisukari, shinikizo la damu au wasiwasi. Naye mume mwenye hamu na uwezo huweza kuwa na mbegu chache.

DALILI NA SABABU

Dalili zinazomfanya daktari ashuku upungufu ni hizi: hamu kupungua kwa muda mrefu, uume kutosimama wenyewe alfajiri kama zamani, uchovu usiokwisha, misuli kulegea, ndevu na nywele za mwili kupungua, matiti kuvimba, upungufu wa damu, na huzuni au hasira za mara kwa mara. Dalili moja peke yake haitoshi. Uchovu, kwa mfano, huletwa pia na deni, kazi ya usiku au malaria.

Sababu ni nyingi. Wengine huzaliwa na kromosomu moja zaidi, au korodani zao hazikushuka utotoni. Wengine korodani ziliumia, au zilivimba walipougua matubwitubwi baada ya kubalehe. Wengine tezi ile ya chini ya ubongo ina uvimbe. Unene, kisukari cha aina ya pili, ugonjwa wa ini, UKIMWI, ulevi wa muda mrefu, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huweza pia kuishusha. Umri nao una sehemu yake: baada ya miaka 40 hivi testosteroni hushuka polepole, yapata asilimia 1 kila mwaka. Lakini mwanamume hafikii ukomo wa ghafla kama mwanamke, na wazee wengi wana kiasi cha kutosha.

KIPIMO

Upungufu huu hujulikana kwa kupima damu. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana, kwa hiyo damu hutolewa mapema, kabla ya saa nne asubuhi, na ni afadhali kabla ya kula. Jibu moja halitoshi; kipimo hurudiwa siku nyingine. Mwongozo wa madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani, uliotolewa mwaka 2018, huhesabu kuwa ni upungufu kiasi kikiwa chini ya nanogramu 300 kwa kila desilita ya damu, mara zote mbili, na mgonjwa awe na dalili. Maabara nyingine hutumia vipimo vingine, daktari atakusomea.

HATARI YA SINDANO

Sasa turudi kwenye lile pipa. Mwanamume akidungwa testosteroni, damu hujaa homoni kutoka nje. Ubongo huona pipa limejaa, huacha kutuma amri, na korodani hulala. Hamu huweza kurudi, lakini mbegu hukauka. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi saba: wanaume wenye afya walidungwa testosteroni kila wiki, na zaidi ya nusu yao hawakubaki na mbegu hata moja katika shahawa. Utafiti ule ulikuwa wa kuzuia mimba! Mbegu kwa kawaida hurudi sindano zikiachwa, lakini huchukua miezi, na kwa wengine mwaka au zaidi.

Basi fikirini: mume anayetamani mtoto anakwenda kununua sindano kwa siri, kumbe ananunua kizuizi cha mtoto huyo.

Simaanishi kwamba tiba hii ni mbaya. Kwa mgonjwa aliyepimwa vizuri, na ambaye hatazamii mtoto kwa wakati huo, inaweza kumsaidia sana. Lakini itolewe na daktari, naye afuatilie wingi wa damu, kwa maana damu huweza kuwa nzito, na pia aichunguze tezi dume. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye ugonjwa au hatari ya ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba waliopewa testosteroni hawakupata mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko wenzao. Hata hivyo, damu kuganda mapafuni na mapigo ya moyo kuvurugika vilikuwa vingi zaidi kwao. Kwa anayetaka mtoto, ziko dawa nyingine ambazo daktari huweza kutumia kuziamsha korodani zenyewe.

MWISHO WA HABARI YA WALE WAWILI

Niliwasihi waende hospitali pamoja. Damu ilipimwa asubuhi mbili. Testosteroni ilikuwa chini, na likaonekana jambo ambalo hawakulitarajia: sukari ilikuwa juu. Alikuwa na kisukari bila kujua. Kabla ya kuandika dawa, daktari aliwauliza, "Je, mnatazamia mtoto mwingine?" Mume alinyamaza. Mke akajibu, "Ndiyo, daktari." Kama mke hangekuwepo, labda swali lile lingekosa jibu.

Hakudungwa sindano. Alianza dawa za kisukari, akaacha pombe, akapunguza uzito kwa kutembea na kwa chakula ambacho mkewe alikula pamoja naye. Kwa mtu mnene hilo peke yake huweza kuipandisha testosteroni. Hadi ninapoandika haya hawajapata mtoto wa pili. Lakini mume hampi mkewe mgongo tena, na yule mama aliniambia, "Mwalimu, mwaka mzima nilimwonea wivu mwanamke ambaye hayuko."

Mama, usiharakishe kumhukumu mumeo, wala usimtangaze kwa jirani au kwa mama mkwe. Chagua saa ya utulivu, mwambie unavyojisikia, kisha mwulize anavyojisikia. Baba, usimwache mkeo aijaze kimya yako kwa mawazo yake. Siku ya arusi mliahidiana mambo ya afya na ya ugonjwa pia, na huu ni ugonjwa kama mwingine. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Je, kuna jambo la mwili wangu ninalomficha mwenzangu kwa sababu ya aibu? Ninaogopa atasema nini?

2. Mwenzangu anapochoka au kujitenga, wazo langu la kwanza ni gani: ugonjwa au uovu?

3. Je, tumewahi kununua dawa ya nguvu bila kupimwa? Tulitumia kiasi gani, na tulipata nini?

4. Ni lini tutakwenda pamoja kupima sukari na shinikizo la damu?